Vumbi la Kishindoni

Namna Nakijwa alivyofika Kishindoni si jambo la kupotezea karatasi. Alifika, miguu imevimba na mkoba begani, na alifika kwa sababu mama yake alimtuma. Mama alikuwa amepokea picha ya Tumsifu, binti yake mdogo, amesimama mbele ya nyumba yenye nyufa, uso umekuwa kijivu kwa vumbi, anacheka, na mguu wa kushoto hauna vidole viwili. Mama aliitazama picha ile, akaiweka mezani, akaichukua tena, kisha akamwambia binti yake mkubwa, "Nenda kamlete kabla hawajanirudishia kilichobaki."

"Nina watoto na kazi, mama."

"Watoto wako wanajipikia. Kazi utaikuta."

Mama yao ndivyo alivyokuwa. Tumsifu akikohoa, nyumba nzima ilisimama. Nakijwa alipomaliza stashahada yake ya uhasibu huku ana mtoto mgongoni na mwingine tumboni, mama alisema vizuri sana, akauliza kama Tumsifu amepata viatu vya kumtosha. Nakijwa hakuwa mtu wa kulia kwa mambo kama hayo. Aliyaweka moyoni tu, moja juu ya jingine, yakakaa.

Kishindoni ni nchi yenye njia kuu moja inayoteremka, na juu ya njia hiyo yananing'inia mawe. Hayashikwi na kamba wala mnyororo. Kila moja ni kubwa kama chumba cha kulala na lina uso: nyusi zimekunjana, meno yameumana, macho yanatazama chini kama ya mtu aliyemwona jirani akishusha friji mpya kwenye gari. Mtu akipita chini yake, jiwe hufumbua macho. Likimtambua, kama wasemavyo wenyeji, huanguka. Ardhi hutikisika, vumbi hutanda, aliyewahi kuruka huwa ameruka. Kisha jiwe hupanda polepole likiguna kama mzee anayeinuka kitini, hadi mahali pake, na kukunja uso upya.

Mawe hayo hayaitwi mawe. Sheria inataka yaitwe Waheshimiwa.

Kwenye jiwe la kwanza Nakijwa alikuta foleni. Jiwe lilikuwa ndiyo kwanza limeanguka na linaanza kupanda. Njia chini yake ilikuwa wazi kabisa, mtu angeweza kupita na kitanda kichwani, lakini hakuna aliyesogea.

"Tunangoja nini?" alimwuliza mwanamke aliyekuwa mbele yake.

"Mheshimiwa afike juu."

"Lakini akifika juu si ndiyo ataanguka tena?"

Yule mwanamke alimtazama kwa adabu, kama anayemtazama mgeni aliyeingia sebuleni na viatu. "Mama, kumpita Mheshimiwa anapopanda ni kumpita akiwa amekupa mgongo. Sisi si wezi."

Jiwe lilifika juu, likakunja uso, na foleni ikaanza kwenda. Walikwenda mmoja mmoja, kwa madaha, wengine wakisimama katikati kurekebisha ushungi. Jiwe liliwaangukia wawili, na wote wawili walitoka upande wa pili weupe kama magunia ya unga, wakipigiwa makofi. Zamu ya Nakijwa ilipofika aliushika mkoba wake na kupita kama anavyopita sokoni, haraka, akiwaza maji ya kunywa. Alisikia juu yake mlio wa kope za mawe zikifumbuka. Kisha alizisikia zikifumba.

Upande wa pili palikuwa kimya. Afisa mmoja mnene, Bwana Shangwe, Mpima Vivuli wa njia ile, alimsogelea na kumshika mkono kwa mikono miwili.

"Pole sana, mama."

"Pole ya nini? Sijaumia."

"Ndiyo maana nakupa pole."

Watu wakampisha njia wakikwepa kumtazama usoni. Nyuma yake alimsikia mtoto akiuliza, "Huyo ni msafi?" na mama yake akimnyamazisha. Nakijwa, ambaye nyumbani kwake hata sufuria ya chini kabisa kwenye rafu inang'aa, alijifunza siku hiyo kwamba Kishindoni msafi ni tusi.

Mambo mengine ya nchi ile aliyajua kwa kuyaona. Vumbi la shindo halinawiwi. Mtu huliacha likae usoni na nguoni, na kwenye harusi huketishwa kwa kadiri lilivyo nene. Wapo wanaojipaka unga wa muhogo, na maafisa huwakamata kwa kuwalamba shavu. Nyumba yenye nyufa hupangishwa kwa bei kubwa kuliko nzima. Na wale ambao jiwe liliwawahi huitwa Waliokamilika. Wajane wao hutembea katikati ya njia, na wanawake wenye waume wazima huwatazama kwa kijicho.

Tumsifu alikuwa na nyumba ya pili kutoka kwenye uwanja wa Mheshimiwa Mkuu, jiwe kubwa kuliko yote. Alimpokea dada yake kwa vicheko, akamkalisha, akamletea chai. Alikuwa na vumbi hadi kwenye kope.

"Mdogo wangu," alisema Nakijwa, "lini uliosha uso mara ya mwisho?"

"Niuoshe nifanane na wewe?" Tumsifu alicheka. "Nisamehe, dada. Shikamoo. Mama hajambo?"

"Marahaba. Mama anakutaka nyumbani."

"Mwambie aje yeye. Akifika aseme ni mama yake Tumsifu, atabebwa."

Haikuwa kujisifu bure. Wakati wanakunywa chai watu sita au saba walichungulia mlangoni kumsalimu Tumsifu, na kila mmoja alipoambiwa huyu ni nani alisema, "Aa, dada yake Tumsifu," kwa sauti ya mtu anayeonyeshwa kiti cha ziada. Nakijwa alikuwa ameisikia sauti hiyo maisha yake yote. Ila hakutegemea kuikuta huku, kwa watu wasiojua hata kupaka chokaa.

Mgeni wa mwisho alikuwa jirani wa ng'ambo ya njia, Bi. Kidawa, mjane mrefu mwenye vumbi la zamani lililoganda shingoni kama ubao. Hakuingia ndani. Alisimama kizingitini akamtazama Nakijwa kuanzia kichwani hadi miguuni.

"Umeleta mgeni msafi, mwenzangu."

"Ni dada yangu wa tumbo moja, Bi. Kidawa."

"Haya. Kila ukoo una wake." Akageukia mguu wa Tumsifu. "Vidole vinaendeleaje?"

"Havipo, vinaendelea vizuri."

"Viwili tu," alisema Bi. Kidawa. "Marehemu mume wangu alikwenda wote." Akaaga na kuondoka, akitembea katikati ya njia.

Tumsifu alimtazama hadi alipoingia kwake. Uso wake ulikuwa umekunjana na meno yameumana, na Nakijwa aliona mdogo wake anafanana na kitu fulani kilichoning'inia nje.

"Wiki hii kuna Mbio za Kivuli," Tumsifu alisema. "Mwaka jana alinishinda kwa upana wa kiganja. Safari hii hanishindi."

Siku iliyofuata Tumsifu alimpeleka dada yake kwenye Baraza, kwa kuwa mgeni haruhusiwi kukaa bila kusikiliza walau mjadala mmoja. Hoja iliyokuwa mezani ilitoka kwa wakazi wa Mtaa wa Utulivu. Walilalamika kwamba mtaa wao haujapata Mheshimiwa hata mmoja tangu enzi za bibi zao, watoto wao wanakua wakiwa na viungo vyote, na hakuna anayewaposa.

Mjumbe wa uwanja wa Mkuu alisimama kupinga. "Ndugu Mwenyekiti, hawa wakipewa Mheshimiwa, sisi tutabaki na nini cha kuwazidi?"

"Hatutaki kuwazidi," alisema mzee wa Utulivu. "Tunataka kuumia kama nyinyi."

"Mtaanza na kuumia, mtamalizia kwa kutuzidi. Tunawajua."

Hoja iliahirishwa. Kikapitishwa badala yake kifungu kwamba Mtaa wa Utulivu utawekewa picha ya Mheshimiwa ukutani, wakazi wajizoeze.

Mwenyekiti alipouliza kama mgeni ana neno, Nakijwa alisimama. Hakuona haya kusema mbele ya watu, aliwahi kuwa mwekahazina wa kamati ya shule.

"Nimeona pande zote mbili za njia kuna uwanja mpana wa majani," alisema. "Hauna jiwe juu yake. Kwa nini watu wasipitie huko?"

Ukumbi ulinyamaza, si kwa hasira. Walinyamaza kama watu waliosikia mtu akijamba msikitini na wanaomtakia heri.

"Huko hupita mbuzi," Mwenyekiti alisema hatimaye, kwa upole. "Na hakuna mbuzi aliyewahi kuwa mtu mashuhuri."

Baada ya hapo karani alisoma masharti ya mbio, kama desturi inavyotaka kila mwaka. Mbio ziko wazi kwa yeyote anayeingia njiani kwa nia ya kushindana. Mshindi ni yule ambaye Mheshimiwa Mkuu amemwangukia karibu zaidi. Mshindani atakayevuka mstari wa mwisho bila kuangukiwa na Mkuu ataoshwa hadharani na mshindi, kwa maji na sabuni, na hatakanyaga tena njia ya mawe maisha yake.

Nakijwa aliyasikiliza masharti yale kwa makini kuliko wenyeji, kwa sababu wenyeji walikuwa wanayajua, na yeye alikuwa na mazoea ya kusikiliza masharti.

Mchana huo alikaa kwenye benchi mbele ya jiwe dogo la kichochoroni na kulitazama linavyofanya kazi. Haikumchukua muda. Mtu aliyepita na hamsini zake hakuangukiwa. Aliyepunguza mwendo, aliyetazama juu, aliyesimama kujitengeneza, huyo jiwe lilimwendea. Hapakuwa na kutambuliwa wala kupendwa. Jiwe liliangukia kinachozubaa.

Alirudi kwa Tumsifu akiwa ameridhika kama mtu aliyepata hesabu zake sawasawa.

"Yanawaangukia wanaosimama," alimwambia. "Basi. Ukienda mwendo wako hayakugusi. Hakuna heshima yoyote hapo."

Tumsifu alikuwa anapaka mafuta gurudumu la kigari chake cha mbio. Hakuinua kichwa. "Unadhani hatujui?"

"Mnajua?"

"Dada, mtoto wa chekechea anajua. Kwa nini unafikiri tunasimama?"

Nakijwa aliketi kizingitini.

"Unajua kwa nini limekuuma lile jiwe la kwanza?" Tumsifu aliendelea, taratibu. "Si kwa sababu ni upuuzi. Upuuzi haukuumi. Limekuuma kwa sababu halikuanguka."

"Mimi na miaka yangu nimwonee wivu mtu kwa kupondwa?"

"Ulinionea wivu nilipougua surua."

Nakijwa alisema anakwenda kununua sabuni. Hakwenda kununua sabuni. Alikwenda kichochoroni, akatazama kama kuna mtu, akaingia chini ya lile jiwe dogo, akasimama. Akajifanya anatafuta kitu mkobani. Kope zilifumbuka. Alihesabu moyoni anavyohesabu mtoto anapovuka barabara, akaruka, na dunia ikapasuka nyuma ya visigino vyake.

Vumbi lilipotulia, mzee aliyekuwa akiuza karanga kwenye kona alimwinamia. "Hongera, mama."

Ilikuwa hongera ya mtu asiyemfahamu, isiyo na lakini wala Tumsifu ndani yake. Nakijwa alisema ahsante. Alipita na vumbi lile mitaa mitatu, polepole, na watu wakamsalimu, na mwanamke mmoja akamsogezea kigoda. Alilinawa kabla ya kufika nyumbani, kwenye bomba la nyuma ya soko, akisugua kwa nguvu kama mtu anayefuta ushahidi. Na alichukia kwamba alikuwa ameona uchungu kulinawa.

Asubuhi ya mbio alimkuta mdogo wake amepiga magoti kando ya kigari. Kilikuwa kigari cha mbao cha magurudumu matatu, kinashuka mteremko chenyewe, kina usukani wa kamba na breki ya kukanyaga. Kwenye breki Tumsifu alikuwa amefunga ndoano mpya ya chuma.

"Hiyo ni ya nini?"

"Nikikanyaga, inanasa. Haiachii tena."

"Hata ukitaka kuondoka?"

Tumsifu alijipangusa mikono. "Bi. Kidawa ana mume chini ya Mheshimiwa Mkuu. Mimi nina vidole viwili. Nitamshindaje, dada, niambie wewe uliyesoma. Kwa vidole vya mguu wa pili?"

"Utakufa."

"Nitakamilika. Watamwita Kidawa jirani yake Tumsifu hadi aingie kaburini."

Nakijwa alisema yote ambayo dada mkubwa husema. Alimtaja mama. Alitishia, akabembeleza, akajaribu kuing'oa ndoano na kuumia kucha. Alikwenda kwa Bwana Shangwe, aliyemsikiliza kwa heshima zote na kumweleza kwamba hakuna sheria inayomzuia mshindani kupenda mchezo wake. Tena alimpongeza kwa kuwa na ndugu wa namna hiyo.

"Ningekuwa na mdogo kama huyo," alisema, "nisingelala kwa raha."

"Silali," alisema Nakijwa.

Mbio za Kivuli ndizo mbio pekee ambazo kila mshindani anajitahidi kuwa wa mwisho. Vigari viliachiwa juu ya mteremko, na tangu mwanzo vilisikika breki zikilia. Washindani walitambaa chini ya jiwe moja hadi jingine, wakitupiana maneno.

"Unakimbilia wapi, shoga, kuna msiba kwenu?"

"Pita wewe, mimi bado naangalia mandhari."

"Huyo tangu jana anapita, hata nzi amemwacha nyuma."

Mawe yaliwaangukia kulia na kushoto, watazamaji wakashangilia, vumbi likawa jingi hadi mbuzi wa uwanjani wakakohoa. Bi. Kidawa alifika chini ya Mheshimiwa Mkuu kabla ya Tumsifu. Alisimamisha kigari chake akatazama juu kama anayetazama picha ya harusi yake. Jiwe liliguna, likaanguka, na yeye akaachia breki mwisho wa mwisho. Ubao wa nyuma wa kigari ulikatika. Bwana Shangwe alipima na kutangaza: upana wa vidole viwili. Uwanja mzima ulivuta pumzi. Bi. Kidawa aligeuka kumtafuta Tumsifu kwa macho, akatabasamu.

Jiwe lilipanda. Lilifika juu, likakunja uso. Tumsifu aliachia kigari chake kishuke.

Nakijwa alikuwa kwenye umati, nyuma ya kamba. Alimwona mdogo wake ameweka mguu juu ya breki, ule usio na vidole, uso umetulia kama wa mtu anayekwenda kulala. Watu walikuwa wameshaanza kulitamka jina lake, wote pamoja, kwa sauti ya chini. Tumsifu. Tumsifu. Na ni lazima isemwe kwamba katika kifua cha Nakijwa kulikuwa na hofu, lakini chini ya hofu hiyo kulikuwa na kitu kingine, kidogo, kichungu, kilichokuwa kikisema: hata hili pia ni lake.

Aliruka kamba.

Alikimbia hadi katikati ya kivuli cha Mheshimiwa Mkuu na kusimama. Alitazama juu. Macho mawili makubwa kama mitungi yalifumbuka na kumtazama yeye, yeye peke yake, bila kumwulizia mtu mwingine. Alikaa chini ya macho hayo kwa muda mrefu kuliko alivyohitaji. Kisha jiwe likaja, naye akajitupa kuelekea kwa mdogo wake. Pigo lilimwinua kutoka ardhini na kumbwaga chini, na alipojaribu kusimama aligundua kwamba kanga yake imeshikwa.

Kigari cha Tumsifu kilikuwa kimegota kwenye uso wa jiwe, jiwe likiwa tayari chini. Tumsifu alilitazama kama mtu aliyefungiwa mlango.

Mheshimiwa Mkuu, kwa uzito wake, hupanda taratibu kuliko wote. Jiwe lilipoinuka hadi magotini kanga ilijiachia, pindo limechanika. Lilipofika kifuani Nakijwa alimshika mdogo wake kwapani, kama anavyomtoa mtoto kwenye beseni asilotaka kutoka, akamburuta chini ya jiwe lile linalopanda, mbele ya nchi nzima, Tumsifu akipiga mateke na kumng'ata mkono.

"Niache, Nakijwa. Niache, unaniaibisha."

"Piga kelele, mama hakusikii."

Walivuka mstari wa mwisho wakiwa wamelala chini.

Baraza liliketi palepale uwanjani. Mashitaka yalikuwa mawili. La kwanza, kumpita Mheshimiwa anapopanda, lilimalizwa kwa karipio, kwa kuwa mshitakiwa ni mgeni na alikulia kusikojulikana. La pili, kuingilia zamu ya mshindani, lilikuwa zito. Bwana Shangwe alikuja na kipande cha kanga kilichochanika, akakishika kwa ncha za vidole.

"Nafasi kati ya Mheshimiwa Mkuu na mwanamke huyu," alitangaza, "ni unene wa kanga. Haijapata kutokea kwa mtu aliye hai."

Hapo tu Nakijwa aliona namna watu wanavyomtazama.

Mwenyekiti alieleza sheria. Ikiwa mgeni aliingia njiani kwa bahati mbaya, au kwa kumhurumia mtu, basi shindo lile ni batili, na Tumsifu atarudia zamu yake kesho asubuhi. Ikiwa aliingia kwa nia ya kushindana, shindo ni lake na ushindi ni wake. Tumsifu atakuwa amevuka bila kuangukiwa.

"Aliingia kunihurumia," alisema Tumsifu upesi. "Mumwulize. Ni dada yangu, roho yake ni laini."

"Ni kweli kabisa," alisema Bi. Kidawa, aliyekuwa wa kwanza hadi kanga ile ilipoletwa. "Kila mtu aliona huruma usoni mwake. Futeni." Ilikuwa mara ya kwanza majirani wale wawili kukubaliana jambo.

Mwenyekiti alimgeukia Nakijwa. "Mama, useme mwenyewe. Ulifuata nini pale?"

Nakijwa alimtazama mdogo wake. Tumsifu alikuwa anatingisha kichwa kidogo, akimwomba. Kigari kilikuwa bado pale njiani, na ndoano yake.

"Nilifuata wivu," alisema Nakijwa.

"Dada."

"Nilimwonea wivu." Alikusudia kuishia hapo, ilitosha kisheria. Alikuwa amepanga maneno yale kama mtu anavyopanga uongo wa lazima, machache na yanayoeleweka. Lakini yalipoanza kutoka hayakumwuliza. "Tangu alipozaliwa. Mimi nilikuwa na kitanda, kikawa chake. Nilisoma, nikaolewa, nikafiwa, nikalea watoto peke yangu, na kila nilipofungua mlango wa mama niliulizwa yeye yuko wapi. Nimekuja huku, nikaambiwa dada yake Tumsifu. Pale mlipokuwa mnataja jina lake sikuweza kuvumilia. Nilitaka jiwe linitazame mimi. Nilisimama mpaka likanitazama. Ningeweza kuondoka mapema, sikuondoka."

Alipomaliza aligundua kwamba hapakuwa na neno la uongo hata moja katika yote aliyoyasema.

Wananchi wa Kishindoni walikuwa wakilia. Walikuwa hawajawahi kumsikia mgeni akiongea lugha yao vizuri namna ile. Mzee wa Mtaa wa Utulivu alivua kofia. Mwenyekiti alisema katika miaka yake yote ya Baraza hajasikia nia safi kuliko hiyo, kisha akaomba radhi kwa kutumia neno safi. Ushindi ulitolewa bila kupigiwa kura. Bi. Kidawa alikwenda kukaa kando ya njia, akajifunika uso, na wanawake wa rika lake wakamfuata kumpa pole na kumtazama kwa karibu.

Kisha vikaletwa kiti, ndoo ya maji na kipande cha sabuni, na Tumsifu akaketishwa.

Uwanja ulianza kupungua watu, maana hakuna anayependa kutazama sehemu hiyo. Nakijwa alikunja mikono ya gauni. Alimwaga maji kichwani mwa mdogo wake na kuanza kusugua kama anavyosugua watoto wake, nyuma ya masikio kwanza. Maji yalitiririka kijivu, kisha kahawia, kisha yakawa maji. Chini ya vumbi Tumsifu alikuwa na mikunjo miwili midogo kando ya macho ambayo Nakijwa hakuwa ameiona. Alikuwa mwanamke wa makamo, amechoka, ana chunusi kidevuni.

"Hutakanyaga njia hii tena," alisema Nakijwa. "Kesho tunapita kwa mbuzi."

Tumsifu alikaa mikono magotini. Kisha akasema, kwa sauti ndogo, "Yale uliyosema pale. Ulikuwa unaniokoa, au ulikuwa unasema kweli?"

Nakijwa aliosha paji la uso, akaosha nyusi.

"Nijibu, dada."

"Fumba macho," alisema Nakijwa. "Sabuni itaingia."